Nyota Tatu na Kibati Kimoja

Mara nyingi nimeulizwa, tena na watu wenye busara, napata faida gani kwa kukusanya sarafu zisizonunua kitu na nishani za watu nisiowajua. Swali hili nimelijibu kwa namna mbalimbali. Nilipokuwa kijana nililijibu kwa majivuno, nikasema kuwa nahifadhi historia. Nilipokuwa mtu mzima nililijibu kwa mzaha, nikasema kuwa wengine hukusanya madeni. Sasa, nywele zikianza kubadilika rangi, nataka kulijibu kwa kuungama. Wasomaji wa kurasa hizi ni wanafunzi na wataalamu, na baadhi yao hapana shaka wamekwisha kuingia katika kazi ya kukusanya vitu vya kale, au wataingia. Ni haki niwaeleze kosa nililolitenda kwa mikono yangu mwenyewe, ili wao wasilitende.

Kasha langu lina saraka tatu. Saraka ya kwanza ina sarafu zilizopata kutumika pwani na bara. Humo mna reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu waliizoea reale ya mwaka ule hata hawakutaka nyingine. Kwa hiyo iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ile ile, Vienna, na katika karne ya ishirini hata Rome, London na Bombay. Malkia alikuwa kaburini, na uso wake ulikuwa ungali ukinunua pembe na karafuu. Humo mna pesa za shaba za Seyyid Barghash wa Unguja, za mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, zenye sura ya mizani upande mmoja, kana kwamba mtawala aliwaonya wauzaji na wanunuzi wamwogope Mungu katika vipimo. Mna rupia ya mwaka 1888 ya kampuni ya Waingereza iliyotawala Mombasa kabla ya serikali yao. Mna heller ishirini ya Tabora ya mwaka 1916, iliyopigwa wakati Wajerumani, waliofungiwa njia ya bahari na manowari za adui, walipoigeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha fedha. Rupia zao kumi na tano za dhahabu, zenye sura ya tembo, sinazo, wala mshahara wa mwalimu hauniruhusu kuziota. Mna pia senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu kabla ya kutimiza mwaka mmoja katika ufalme. Sarafu ile ina tundu katikati, kwa hiyo mfalme yule alituachia jina bila ya uso.

Sarafu hizi zote hufanana kwa jambo moja. Zina jina la mtawala, na hazina jina la mwenyewe. Wala hazilihitaji. Uzuri wa sarafu ni kuwa haina mwenyewe wa kudumu: ikiwa mkononi mwangu ni yangu, na ikiingia mkononi mwako ni yako, wala haimkumbuki aliyeitoa jasho. Mtu akipoteza shilingi moja akaokota nyingine, amepata shilingi yake. Nayasema haya mapema kwa sababu kosa langu lilitokana na kuzitendea nishani kama nilivyozitendea sarafu.

Saraka ya pili ina vitu ambavyo nyumbani kwetu tuliviita vibati. Katika mashamba makubwa ya kahawa ya Kenya, mchumaji alipoleta debe lake likiwa limejaa matunda mekundu, nyapara alilikagua asione mabichi wala majani, likamwagwa, naye akapewa kibati kimoja. Vingine vilikuwa vya duara na vingine vya pembe, ili kibati cha debe zima kisichanganywe na kile cha nusu debe hata gizani. Kila kimoja kilipigwa muhuri wa jina la shamba au herufi zake. Siku ya malipo karani alivihesabu vibati, akavibadilisha kwa shilingi na senti. Desturi hii ilikuwa na maana yake. Mwenye shamba aliokoa wino na daftari, na mchumaji asiyejua kusoma alipata hesabu ya kazi yake katika kitu cha kushika mkononi, ambacho karani hakuweza kukifuta kwa kalamu. Walakini hesabu ile ilikuwa na mpaka. Kibati kilikuwa na thamani ndani ya ua wa shamba tu. Nje ya ua hakikununua hata chumvi. Sarafu ni ya kila mahali na ya kila mtu. Kibati ni cha mahali pamoja, na cha mtu ye yote aliyefanya kazi mahali pale.

Saraka ya tatu ina nishani. Nishani ni kinyume cha vyote viwili. Hutolewa kwa mtu mmoja kwa jambo alilolitenda yeye, na haihamishiki. Anayevaa nishani ya mwenzake hapati sifa, hupata aibu. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya nishani si kuwa ni ya madini gani, wala ya mfalme gani, bali ni ya nani.

Nishani za vita vya 1914 mpaka 1918 hulijibu swali hilo zenyewe. Askari wa King's African Rifles waliopigana na jeshi la von Lettow-Vorbeck walipewa nishani ya vita ya madini ya fedha na nishani ya ushindi ya shaba, na katika ukingo wa kila moja palichorwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Ninayo moja ya fedha. Siku nilipoigeuzageuza chini ya kioo cha kukuzia, nikaona herufi ndogo zikipanda mmoja mmoja kutoka katika weusi wa miaka mingi, nilihisi kama mtu aliyebisha hodi nyumba tupu akasikia karibu. Lakini madini yale ya fedha yalikuwa adui wa jina. Sonara mmoja mzee aliniambia kuwa katika ujana wake aliziyeyusha nishani za namna ile kuwa bangili, na hakukumbuka ni ngapi. Katika Ulaya vile vile nyingi zilitiwa katika tanuri mwisho wa mwaka 1979 na mwanzo wa 1980, bei ya fedha ilipopanda ghafla. Na hao ni wale waliopata nishani. Wachukuzi, waliobeba mizigo ya vita ile kwa vichwa na mabega na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao hawakupata hata kipande cha chuma. Ukumbusho wao ni majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Vita vya pili vilikuja na desturi nyingine. Serikali ya Uingereza iliamua kutozichora majina nishani za vita vile. Askari wa Australia na wa Afrika Kusini walichorewa majina yao na serikali zao. Askari wetu, kama Waingereza wenyewe, walipewa nishani tupu. Nyota ya Burma, kwa mfano, ni ya shaba, ina ncha sita, na katikati mna taji na herufi za Mfalme George wa Sita, zimezungukwa na jina la nyota yenyewe. Mgongo wake ni mtupu kama kiganja. Hapana namba, hapana jina, hapana kikosi. Nyota ya jemadari na nyota ya mpishi wa kambi ni moja.

Babu yangu alikuwa na nyota ya Burma. Alikwenda na divisheni ya kumi na moja ya Afrika Mashariki, iliyokaa kwanza Ceylon, kisha mwaka 1944 ikapita bonde la Kabaw katika masika ya kule, matope yakifika magotini, mpaka Kalewa na mto Chindwin, ambako daraja refu lilijengwa mwezi wa Desemba. Hayo niliyasoma vitabuni baadaye. Babu mwenyewe alitueleza mambo mawili tu: kuwa mvua ya kule ilikuwa na uzito, na kuwa nyumbu waliobeba risasi walikuwa na akili kuliko sajini. Nyota yake aliiweka katika mkebe wa tumbaku, bila ya utepe, maana utepe ulikwisha kuliwa na mende. Ilikuwa nyeusi karibu kama mkaa. Alipofariki mwaka 1991 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nami nikapewa mkebe ule kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimwuliza maswali.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukusanya, na hivyo ndivyo nilivyoharibu. Miaka minane baadaye, nikiwa na mshahara wangu wa kwanza, nilimkuta mchuuzi wa vikuukuu katika soko moja la Nairobi, ana nyota mbili za Burma ndani ya ndoo ya vitasa na funguo. Nilizinunua zote mbili kwa bei isiyofika ya kilo mbili za nyama. Sikumwuliza alizipata wapi. Nia yangu ilikuwa kuzibadilisha na wakusanyaji wenzangu kwa nishani ambazo sikuwa nazo, kama mtu anavyobadilisha stampu. Nilirudi chumbani na furaha nyingi, nikatoa nishani zangu zote, na kwa kuwa sikuwa nimesoma wala kufundishwa, nikafanya kama mama zetu wanavyofanya kwa sufuria: nikazisugua kwa majivu na ndimu. Ziling'aa ajabu. Nilizipanga nyota tatu juu ya kitambaa cheusi, nikasimama mbali kidogo kuzitazama, na ndipo nilipojiuliza ile ya babu ni ipi.

Msomaji atadhani kuwa nilishituka. La, sikushituka. Nilidhani nikizitazama vizuri nitaitambua. Nilizitazama usiku ule na kesho yake, nikazipima kwa mizani ya duka la dawa, nikazikagua kwa kioo ncha kwa ncha. Weusi ule ambao ungeniambia, weusi wa moshi na tumbaku na vidole vya mtu mmoja kwa muda wa miaka arobaini na mitano, niliumwaga pamoja na maji ya majivu. Wakusanyaji wenye ujuzi husema kuwa nishani haisuguliwi kwa sababu kusugua hupunguza bei. Ni kweli, lakini ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kuwa kitu kisichoandikwa jina huandikwa na matumizi, na anayekisugua hufuta maandishi yale ya pekee. Mkebe niliutupa; niliona umeingia kutu.

Kwa miaka kumi sikumwambia mtu. Niliziweka nyota tatu pamoja, nikajiambia kuwa nyota ni nyota. Kisha mwaka 2009 nyanya yangu aliniita. Alikuwa mzee sana, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Kama walivyo manyanya wa kwetu, aliniita mume wake tangu nilipozaliwa, na salamu iliyonifikia ilikuwa hii: "Mwambieni mume wangu mdogo aniletee nyota ya mume wangu mkubwa, niishike."

Usiku wa kabla ya safari nilizipanga tena nyota tatu mezani. Moja ilikuwa na kibonyeo kidogo katika ncha, nikasema hii ndiyo, maana imekwenda vitani. Kisha nikakumbuka ile ndoo ya vitasa na funguo, ambayo nayo hubonyeza. Mwisho niliichagua moja kama mtu apigaye kura, nikaitia mfukoni, nikapanda gari la kwenda nyumbani, katika kijiji chetu karibu na Thika.

Nyanya alikuwa amekaa juani mlangoni. Nilimwamkia, nikamwekea nyota kiganjani, nikasema, "Hii hapa, nyanya." Aliipitisha kidole gumba katika ncha zote sita, polepole, akaigeuza, akaupapasa mgongo mtupu, kisha akaileta puani.

"Umeiosha," alisema.

"Ndiyo, nyanya. Zamani."

"Ilikuwa na harufu yake."

Sikuwa na jibu. Alikaa nayo kitambo, ameifumba mkononi, na mimi nilitazama kuku. Kisha akasema, "Haya. Hata yeye alipenda vitu safi." Hakusema neno jingine juu ya nyota ile. Mpaka leo sijui kama aliitambua, au hakuitambua akanisitiri. Sikumwambia kuwa nyumbani zimebaki mbili. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tena nafasi ndefu, jua lilikuwa bado halijafika utosini. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo.

Ndipo alipofungua fundo la leso yake, akatoa kibati kimoja cha duara, kimechakaa herufi mpaka zimebaki mbili tu za kusomeka, na karibu na ukingo kina tundu lililotobolewa kwa msumari. Akanieleza habari yake, ambayo hakupata kumweleza mjukuu mwingine. Mwaka 1946, katika msimu wa kahawa, alikuwa shambani anachuma. Alikuwa amekwisha kumwaga debe lake, ameshika kibati, anasubiri kulijaza jingine, mtoto wa jirani alipokuja mbio akasema kuwa mumewe ameonekana barabarani na mfuko begani. Alikuwa hajasikia habari zake muda mrefu. Aliacha debe la shamba pale pale kati ya miti, akakimbia, kibati kimo katika leso. Siku ya malipo karani alimdai akilete abadilishiwe, naye akajibu kuwa kimepotea. Kaka yake alikitoboa kwa msumari, akakitia uzi, akakivaa chini ya nguo mpaka uzi ulipokatika.

"Debe lile shamba halikunilipa," alisema. "Nililipwa nyumbani." Akanitia kibati mkononi pamoja na nyota. "Viweke mahali pamoja. Vilifika siku moja."

Nyanya alifariki miaka miwili baadaye. Vitu vyake viwili ninavyo katika kasha, ikiwa vyaweza kuitwa viwili. Nimepata kumwonyesha mfanyabiashara wa vitu vya kale kibati kile, akakitupia jicho, akaniambia kuwa kwa bahati mbaya kina tundu, na tundu hupunguza bei. Sikumlaumu, kwa daftari lake alisema kweli. Lakini tazama mambo yalivyogeuka. Nishani, iliyokusudiwa kwa mtu mmoja, yenye taji na herufi za mfalme, haijui ilikuwa ya nani. Kibati, kilichopigwa kwa mamia ili kiwe cha mtu ye yote, kinamjua mwenyewe, kwa sababu ya tundu la msumari na kwa sababu mwenyewe alisema nikasikia. Mfalme hakuandika jina la babu. Hilo ni lake. Lakini miaka arobaini na mitano ya tumbaku ilikuwa imeliandika, na aliyelifuta ni mimi.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani niliidhani methali ile ni ya wenye maduka. Sasa kila kitu katika kasha langu kina ukurasa wake: nilikipata wapi, siku gani, kwa nani, kwa bei gani, na mwuzaji alisema nini juu yake, hata nikidhani kuwa amesema uongo, maana uongo wa mwuzaji nao una asili yake na huenda siku moja ukamwongoza mtu. Sisugui kitu. Nikipewa kitu na mzee, naandika maneno yake kabla ya kulala, kwa lugha aliyoyasema. Na wanafunzi wanaoniomba shauri nawaambia wasianze na kununua. Waanze na mikebe iliyo chini ya vitanda vya wazee wao, na waende na kalamu kabla ya kwenda na fedha.

Ukurasa wa nyota una maneno haya: "Moja kati ya hizi tatu ni ya babu. Sijui ni ipi." Wenzangu wamepata kunitaka niwabadilishie mbili, nami nimekataa, kwanza kwa hofu ya kuitoa iliyo yake. Lakini kwa muda umeingia katika hofu ile wasiwasi mwingine, ambao haukunijia siku ile nilipokuwa nimeinama juu ya ndoo ya mchuuzi. Zile mbili nyingine nazo zilivuka bonde la matope, au bahari, zikarudi, zikakaa katika mikebe ya nyumba mbili nisizozijua, na huenda kuna mahali bibi mzee aliyepata kuziulizia. Sikumwuliza mchuuzi swali moja ambalo lingechukua dakika moja. Soko lile limekwisha kuhamishwa, na mchuuzi sikumwona tena.

Siku za kumbukumbu ya askari huzitoa zote tatu, nikazipanga juu ya kitambaa pamoja na kibati. Zimeanza kurudi weusi wao kidogo kidogo, kila moja kwa namna yake, na nimeapa kutozigusa kwa ndimu. Nikiulizwa leno faida ya kukusanya, hujibu kuwa bado sijaipata yote. Nalipa kwanza deni.